Tanuru Lililokataa

Mji wenu una umri gani?

Aliyeniuliza alikuwa msichana niliyelala naye chumba kimoja chuoni, ng'ambo ya ziwa. Kwao kulikuwa mji wa mawe wa pwani, na mlango wa nyumba yao, alisema, ulichongwa kabla bibi wa bibi yake hajazaliwa. Hakuuliza kwa dharau. Wasichana tulikuwa wachache pale, na jioni tulisimuliana makwetu ili kupunguza upweke. Mimi, niliyezoea kuwahoji walimu mpaka wanavua miwani na kujifuta macho, sikuwa na jibu. Nikasema kwetu ni milimani, Geita, kwenye mgodi wa dhahabu, na mji ulianza siku mgodi ulipoanza.

"Basi mji wenu na wewe ni rika moja," akasema, akaendelea kujisuka nywele.

Sikuuonea mji wangu haya. Niliupenda, na naupenda hadi leo kwa namna ambayo haihitaji hoja, jambo ambalo kwangu ni adimu. Asubuhi ukungu ulikaa mabondeni, vilele vya vilima vikatokeza juu yake kama migongo ya ng'ombe wanaovuka mto. Vinu vya mgodi vilisaga mawe mchana na usiku, na kelele yake tuliizoea hata vikinyamaza ndipo tulipoamka na kuulizana kuna nini. Baba alikuwa fundi mgodini, nasi tulikaa kwenye nyumba za kambi, za mstari, bati juu. Jirani wa kulia alikuwa Mnyamwezi aliyeadhini msikitini, wa kushoto Mha aliyepiga kengele ya kanisa. Mama, ambaye ni Msukuma wa upande wa Shinyanga, aliazima kinu kwa mmoja na mchi kwa mwingine, akatwanga katikati. Nilikua nikidhani kila mji duniani una lugha tano kwenye foleni moja ya maji.

Na kulikuwa na mawe yale. Mabonge meusi, mazito, yenye mng'ao kama wa chupa, yalizagaa kila mahali: njiani, mashambani, chini ya mizizi ya miti. Watoto tuliyatupa kuangulia mapera. Mama alikuwa na moja jepesi, lenye matundu, la kusugulia visigino. Tuliyaita mavi ya chuma bila kujiuliza kwa nini, nami niliamini ni takataka za mgodi.

Likizo iliyofuata nilikwenda kwa babu, baba yake baba, nikiwa na swali la mwenzangu kichwani. Babu na bibi hawakukaa kambini. Boma lao lilikuwa nyuma ya kilima, mwendo wa saa moja, kwa Walongo, watu wa ukoo wetu. Babu aliniita mke wangu, kama babu wengi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, na bibi aliniita mke mwenzangu, akanipa kazi ngumu kuliko zake ili, alivyosema, nijue ndoa si mchezo.

Nilimuuliza mgodi ulipokuja uliwakuta wakifanya nini.

"Ulitukuta tumechoka, mke wangu," akasema.

Akachukua fimbo yake, akanipeleka mgongoni mwa kilima. Chini ya majani kulikuwa na vichuguu vya mavi ya chuma, kimoja baada ya kingine, vingine vimeota miti minene kuliko kiuno changu. Hiki, akasema, ni cha baba yangu. Hiki cha babu yangu. Akataja vitano, kisha akaendelea kutembea, na vichuguu vikaendelea. Nilimuuliza vile vingine ni vya nani. Akasema babu yake naye aliwahi kuuliza.

Ndivyo nilivyojua, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kwamba kilima nilikozaliwa kililisha nchi. Walongo waliyeyusha mawe ya chuma hapo, wakaacha mavi yake na kufua majembe, na majembe hayo yalikwenda Usukuma na Unyamwezi mabegani mwa watu. Wasichana waliolewa kwa majembe. Mama aliponisikia nikieleza haya kwa mshangao alinitazama kama vile nimegundua kwamba maji yanalowesha, akasema bibi yake mwenyewe huko Shinyanga aliolewa kwa majembe ya kilima hiki. Mbona hakuwahi kuniambia? Kwa sababu sikuwahi kuuliza. Mimi, niliyeuliza kila kitu.

Kazi ile ilikufa majembe ya dukani yalipokuja. Babu hakuwa amewasha tanuru tangu baba yangu akiwa kijana mdogo. Ingekuwa imekufa moja kwa moja, lakini likizo ile ile wakaja wageni wawili kutoka upande wa Shinyanga. Mmoja alikuwa kimya. Mwingine, mjumbe mwenyewe, alianza kusema akiwa bado mbali. "Mwangaluka," akaamkia kwa Kisukuma, na kabla hajaketi alikwisha kuwauliza wazee kama ni kweli Walongo siku hizi wanalima kwa vijiko.

Shida yake ilikuwa hii. Kwao mtemi mpya angesimikwa baada ya mavuno. Miongoni mwa vitu anavyokabidhiwa mtemi ni jembe la chuma cha mlimani, na jembe la zamani lilikuwa limeliwa na kutu likabaki kama jani lililotobolewa na wadudu. Vijana wenye elimu walishauri linunuliwe jipya dukani. Wazee wakakataa, lakini wakaweka sharti: kama Walongo hawawezi tena, waseme, ili jembe la duka litumike na jambo liishe. Jina la kilima lisingetajwa tena katika kusimika mtemi.

Babu alikuwa mkuu wa tanuru, cheo alichorithi. Alipiga ardhi kwa kiganja mara moja, na hiyo kwa Walongo ni ahadi. Wazee waliokuwa wanaijua kazi walibaki wanne.

Nilitaka kusaidia. Hilo nalisema mapema kwa sababu lililofuata halionekani hivyo. Mawe ya chuma yalikuwepo, udongo wa mirija ulikuwepo, ngozi za mbuzi za mivukuto zikapatikana. Tatizo lilikuwa makaa. Miti ya karibu ilikuwa imekatwa, na mkarati, mti wanaoutaka wao, ulikuwa nyuma ya vilima viwili. Wazee wanne wangeukata, waubebe, wauchome, waufukie, waungoje. Nikamwambia babu kwamba makaa ni makaa. Sokoni chini kina mama wanauza kwa gunia, na kaboni haijui ilitoka kwenye mti gani.

"Ndivyo mnavyosoma huko?" akaniuliza.

"Ndivyo, babu."

"Basi kama mmeyasoma," akasema, akamwagiza baba magunia.

Jambo la pili nilifanya bila kumwambia mtu. Tangu wanaanza kujenga tanuru, wahunzi walilala kambini mwituni, mbali na wake zao. Hakuna mwanamke aliyeruhusiwa kufika siku ya moto, hata kwa mbali, kwa sababu tanuru lenyewe ni mwanamke na siku hiyo linazaa. Mwanamke mwingine akilitazama, mimba inaharibika. Niliuliza wakunga wanazalishaje basi, maana nao ni wanawake. Babu alicheka mpaka akakohoa. Nikaamua kujaribu. Ningekwenda, nitazame, chuma kitoke, na mwiko ungekuwa umekufa kifo cha kawaida mbele ya shahidi.

Siku ya moto nilitoka kambi ya mgodi alfajiri, nikajificha nyuma ya kichuguu cha mchwa juu ya bonde, na daftari na saa yangu ya mkono. Sijutii nilichokiona. Tanuru lilikuwa fupi, limezungushiwa mirija ya udongo kama vidole, na nyuma ya kila mrija kijana wa ukoo akipiga mivukuto kwa fimbo mbili, juu chini, juu chini, kwa mwendo wa wimbo. Babu aliimba, wengine wakaitikia. Walilitukana tanuru, wakalibembeleza, wakalikumbusha walivyolipenda usiku, wakalitaka lisukume. Kuna maneno sikuyaandika. Niliona mashavu yangu yakiwaka, na moto ulikuwa mbali. Babu yangu, mtu wa ugoro na maumivu ya goti, aliruka kama mtu wa miaka ishirini. Nilisahau kutazama saa.

Mchana ulipopinda walibomoa ubavu wa tanuru, wakavuta kilichomo kwa miti mibichi. Wakakitazama. Wimbo ukafa mdomo mmoja baada ya mwingine. Hakikuwa chuma. Kilikuwa mabonge ya mawe na uji mweusi, kama ugali uliotolewa kabla ya kuiva. Mjumbe wa Shinyanga, ambaye tangu aje hakuwa amefunga mdomo, alivua kofia yake akaishika mkononi. Babu alichutama, akaokota kipande cha kaa pembeni, akakiponda kiganjani, akakinusa. Hakumtazama mtu. Kisha akakifuta kwenye paja lake.

Niliondoka kwa kutambaa. Nilichosahau ni kwamba nilikuwa nimevaa raba, na pale kwetu hapakuwa na mwanamke mwingine wa kuvaa raba.

Kesho yake baba aliitwa, nami niliitwa pamoja naye. Tulikuta wazee wameketi kwenye uwanja wa babu, vijana wa mivukuto nyuma yao, mjumbe na mwenzake pembeni. Wanawake wengine hawakuitwa. Mzee aliyekuwa wa pili kwa babu, mtu mkavu mwenye sauti ndogo, alieleza alichokiona nyuma ya kichuguu: nyayo za mguu mdogo, zenye mistari ya mpira. Akanitazama miguu. Nilikuwa nimevaa zile zile, kwa ukaidi.

Nilijua kitakachofuata. Mwanamke aliyeharibu tanuru hapikiwi wala hapiki katika maboma ya Walongo, na wa nyumba yake hawashiki tena mivukuto. Baba yangu asingekuwa Mlongo ila kwa jina. Na kama tanuru limeharibiwa na mjukuu wa mkuu wake, nani angepiga ardhi kwa kiganja mara ya pili? Mjumbe angeondoka na jibu, na jibu lingekuwa jembe la duka.

Hata hivyo nilikuwa nimeandaa hotuba. Usiku kucha niliipanga. Ningesema ndiyo, nilikuwepo, na jicho halina joto wala baridi, haliwezi kuzuia chuma. Nilivuta pumzi. Babu akanitangulia.

"Nyayo ni za mke wangu huyu, sikatai," akasema. "Aliniletea ugoro siku tulipokuwa tunachota udongo, tanuru halijasimama. Msimsumbue. Mkosaji ni mimi."

Wakamngoja.

"Usiku wa kuamkia moto nilitoka kambini. Nilikwenda nyumbani, nikalala kwa mke wangu mkubwa."

Mzee mkavu akamgeukia. "Kwa umri wako huo?"

"Kulikuwa na baridi," babu akasema.

Nakumbuka sauti ya mjumbe, kama mtu aliyerudishiwa uhai: "Kumbe mivukuto ya mzee bado inavuta." Kijana mmoja alipasuka kwa kicheko, wa pili akamfuata, na mwishowe uwanja mzima ukawa unacheka, hata mzee mkavu, hata baba, ambaye alikuwa ametazama chini na mabega yanatikisika. Babu alikaa katikati yao na uso wa mtu aliyekamatwa na nyama ya wizi.

Nami nilimeza hotuba yangu. Nilimwamini. Nilikuwa na akili ya kuhoji kila kitu, lakini lile sikulihoji, kwa sababu lilinifaa.

Walimvua ukuu wa tanuru siku ile ile. Alichinjiwa mbuzi wa kumtakasa, akaoshwa mtoni kwa majani machungu, na ikaamuliwa kwamba moto wa pili atauwasha mzee mkavu. Babu angekaa nyuma na kupokea amri kama kijana. Hakubisha. Aliomba jambo moja tu: kwa kuwa uchafu wake umegusa kila kitu, vyote viwe vipya, udongo mpya, mirija mipya, na makaa mapya ya mkarati, yaliyokatwa na kuchomwa kwa mikono yao. Wazee waliona ni toba nzuri. Baba aliomba ruhusa kazini, akachukua shoka, na mafundi wenzake watatu wakamfuata, mmoja wao yule jirani Mnyamwezi, ambaye hakuwa na ukoo wowote na chuma hicho. Kwa majuma matatu niliona moshi nyuma ya vilima viwili. Nilipeleka viazi na maziwa hadi nusu ya njia, nikaviweka juu ya jiwe, nikarudi.

Siku ya moto wa pili sikwenda. Nilikaa kambini na mama tukimenya karanga, na nadhani sijawahi kumenya karanga nyingi hivyo. Jioni baba aliingia, nyusi zimeungua, akanywa maji vibuyu viwili kabla ya kusema.

"Limezaa."

Jembe lilipokwisha kufuliwa niliruhusiwa kuliona. Lilikuwa pana, umbo la jani la kiazi, na mkia mrefu wa kuingia kwenye mpini. Babu aliligonga kwa kucha likaimba, sauti ndogo iliyochukua muda kuisha. Mjumbe alilifunga kwa ngozi ya kondoo, akalibeba kifuani kama mtoto mchanga, na akiwa njiani bado tulimsikia akimshauri babu anunue blanketi. Baada ya mavuno ikaja habari: mtemi amesimikwa, na kilima kimetajwa.

Nilirudi chuoni na jibu kwa mwenzangu. Nilimwambia umri wa mji wetu hatuujui, kwa kuwa kila tuliyemuuliza alikwisha kumuuliza babu yake. Alisema hilo ni jibu la mtu aliyekosa jibu. Huenda.

Kuhusu jaribio langu, lilikuwa bovu kiasi kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza maabara angefokewa. Nilibadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja: makaa na mwanamke. Halafu mara ya pili niliyaondoa yote mawili. Siamini mwiko ule, sikuuamini siku ile. Lakini siwezi kudai niliuvunja. Ninachoamini ni kwamba makaa si makaa, na kwamba babu alilijua hilo tangu alipokinusa kile kipande. Kwa miaka niliona ni bahati tu kwamba kosa lake yeye lilikuja kulifunika langu.

Wimbo ulitungwa, bila shaka. Uliimbwa mashambani wakati wa kupanda, wa mzee aliyeacha moto mkubwa akafuata moto mdogo. Babu alipousikia aliucheza. Kisimani wanawake walimuuliza bibi kama baridi imepungua, naye alijitwika mtungi wake na kusema bado, bado. Alikuwa mtu wa staha kubwa, bibi, na wakati ule nilishangaa alivyolichukua kwa wepesi. Babu hakurudishiwa ukuu hadi anakufa. Bibi alimfuata mwaka uliofuata. Namshukuru Mungu, kama yupo, na kama hayupo nawashukuru wao wenyewe, kwamba niliwahi kuwazika wote wawili na kuwalilia.

Miaka minane ilikuwa imepita tangu moto ule nilipokwenda kumsaidia shangazi, binti mdogo wa babu, aliyeolewa ng'ambo ya bonde, siku nzima kwa miguu. Mwanawe alikuwa anaanza shule na fomu ilitaka tarehe ya kuzaliwa. Shangazi hakuijua tarehe. Alichojua ni kwamba mtoto alizaliwa wakati wa tanuru lililokataa, siku moja kabla ya moto. Nikafurahi, nikamwambia hiyo ninayo, imeandikwa kwenye daftari langu. Nikamuuliza, kwa mazoea ya kuhakikisha kila kitu, kama ana hakika.

"Nitakosaje hakika?" akasema. "Mama, bibi yako, ndiye aliyenizalisha. Alikuja hapa siku tano kabla ya moto, na hakuondoka mpaka kitovu cha huyu kilipodondoka. Sisi wanawake sote tulijua."